Aliyeingiza Ng'ombe Shambani Ana Jina

Mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeinamisha masuke katika mashamba ya Namawala, bonde la Kilombero, kuna habari ambayo hufika kijijini kabla jua halijapanda: usiku ng'ombe wameingia shambani kwa fulani. Ekari moja imelazwa chini, nyingine imekanyagwa, iliyobaki imeliwa nusu. Mwenye shamba alishinda kutwa kwenye dungu akiwinga ndege, na usiku usingizi ukampitia. Anapotokea barabarani na matope hadi magotini, waliokaa kijiweni wameshapata jibu: "Wasukuma wameingiza ng'ombe." Mwingine atabisha kwamba ni Wamang'ati.

Ni maneno matatu tu, na tayari yameanza kumnyima mwenye shamba haki yake. Kabila halina zizi, haliitwi barazani wala halilipi fidia. Mwenye ng'ombe ana zizi, ana simu, ana mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu. Kila dakika inayotumika kulijadili kabila ni dakika ambayo nyayo zinazidi kujaa maji na mtu mmoja mahususi anapata nafasi ya kuhamisha kundi lake.

Nianze na hilo kwa sababu tunapoambiwa tuache kubaguana, tunaambiwa kama watoto wa shule ya Jumapili: ni dhambi, si utu, Mwalimu Nyerere alikataza. Yote ni kweli. Lakini mtu ambaye mpunga wake wa mwaka mzima umelala kwenye tope hahitaji mahubiri asubuhi ile. Anahitaji kuonyeshwa kwamba ile dhana anayoishika kama silaha haimsaidii. Dhana tulizonazo kuhusu makabila ya watu, kazi zao na hata magonjwa yao huja zimevaa nguo za ujuzi. Mtu husema "hawa nawajua" na huamini kabisa kwamba anawajua, kumbe alichonacho ni habari aliyopokezwa, ambayo hakuwahi kuipima. Kazi ninayokuomba uifanye, msomaji, ni kuipima habari hiyo kabla hujaitumia. Nitaeleza namna, nikianzia hapo hapo shambani.

Asubuhi ile, kabla hujatamka kabila la mtu, mwite mwenyekiti wa kitongoji na jirani wa mpakani. Waone kwato zimetokea upande gani na zimeelekea wapi. Fuateni nyayo pamoja. Usizifuate peke yako, na panga liache nyumbani. Piga picha kwa simu. Mwombe afisa kilimo wa kata afike siku hiyo au kesho yake, kabla mvua haijafuta alama na kabla mpunga uliolala haujaanza kuota majini, akuandikie ni eneo kiasi gani limeharibiwa, ni mbegu gani na ilikuwa imefikia hatua gani. Supa iliyobakiza wiki mbili ivunwe si sawa na saro inayoanza kutoa masuke, na mtu anayesema "shamba lote limeisha" huwa anajidhoofishia kesi mwenyewe, maana upande wa pili utaleta mashahidi kwamba robo tatu imesimama.

Halafu tafuta majina mawili: la mwenye ng'ombe na la aliyekuwa akiwachunga usiku ule. Mara nyingi si mtu mmoja. Wachungaji wengi ni vijana wa kuajiriwa, wengine hata si wa kabila la tajiri wao, na ndani ya kundi moja wanaweza kuchanganyika ng'ombe wa watu kadhaa, pengine hata wa mfanyabiashara au mtumishi anayeishi mjini, ambaye hakuna anayemwita mfugaji. Angalia chapa na hereni za masikioni. Tangu 2010 nchi ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na alama hizo zipo ili swali la "ng'ombe wa nani?" lijibiwe kwa ushahidi. Ukishakuwa na majina mawili na karatasi ya tathmini, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Usuluhishi ukishindikana hapo na kwenye kata, mahakama ya mwanzo ipo. Nimeona wakulima wakilipwa kwa njia hii na mfugaji wa kabila lile lile walilokuwa wakisema "hawa hawalipagi".

Ndugu mfugaji, na kwako nina neno, kwa sababu dhana haikai upande mmoja wa mto. Kwenye mazizi husemwa kwamba wakulima wa hapa ni wavivu, wanalima vipande vyao kwenye njia ya ng'ombe kusudi walipwe. Wapo waliofungua mashamba juu ya njia ya mifugo, hilo halifichiki. Lakini mama mwenye ekari mbili za kukodi, aliyeuza kuku wake kulipia trekta, hakulima pale kukutega. Ukimkuta barazani, mjibu yeye, juu ya shamba lake, na usimjibu kana kwamba ndiye aliyekutoza faini ya mwaka juzi.

Ipo pia dhana ambayo kwa juu inaonekana kama sifa: "Msukuma ana hela." Hii imewaumiza watu wengi kuliko matusi. Bei ya kukodi shamba hupanda mara anaposikika akizungumza. Faini ambayo kwa mwingine ingejadiliwa, kwake hutajwa tu na kusubiriwa. Mtoto wake akilazwa, watu humtazama baba kama benki. Baadhi ya waliopewa mamlaka kidogo, mgambo na wengineo, wameitumia dhana hii kujipatia riziki, na wanakijiji wengine wakainyamazia kwa sababu "si wana ng'ombe". Kumbe fedha iliyotozwa bila risiti haikuingia kwenye mfuko wa kijiji, kwa hiyo hakuna zahanati iliyopakwa rangi kwa fedha hiyo. Mkulima aliyeona aibu kuuliza ameibiwa pamoja na mfugaji. Kwa hiyo ukitozwa, dai risiti yenye jina na cheo cha anayekutoza. Na wewe uliyesimama pembeni, dai risiti hiyo pamoja naye, kwa sauti, kana kwamba ni yako.

Sasa tuje kwenye swali linalotajwa kila mkutano unapochemka: hawa walitoka wapi?

Ni swali zuri. Tatizo ni kwamba huulizwa bila kusubiri jibu. Tulijibu basi. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mabonde ya maji, ndio ambao wengi wetu tunawahesabu kuwa wa mwanzo. Wambunga waliingia katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakiletwa na misukosuko ya vita vya Wangoni, wakajikita pande za Ifakara. Wabena wa bondeni walishuka kutoka nyanda za juu karne hiyo hiyo. Wapogoro wako ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge na chini yake. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Wajerumani kule Mahenge, huku Kiwanga, mtemi wa Wabena, akiwa upande wa Wajerumani. Wajukuu wa pande zote hizo leo wanaoleana na wanazikana, na harusini hakuna anayemuuliza bwana harusi babu yake alisimama upande gani.

Kisha wakaja watu wa mashamba ya miwa ya Kilombero, kutoka karibu kila mkoa. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara, na kila stesheni ikaacha watu wake: Wanyakyusa, Wahehe, Wangoni, Wagogo. Wasukuma walianza kufika na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa, na idadi yao iliongezeka sana baada ya 2006, serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, wengine wakaelekea huku na wengine Lindi. Ama Wabarabaig, hao tunaozoea kuwaita Wamang'ati ingawa wenyewe wana jina lao, wengi wao ni watu ambao malisho yao bora kule Hanang yaligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, kuanzia miaka ya 1970. Mashamba hayo yalifika kama ekari 100,000. Mtu aliyefukuzwa Hanang akafukuzwa Usangu, akifika Namawala huwa mkali kidogo akiambiwa ahame. Ukiijua njia aliyopita, utamsikiliza kwa namna nyingine, hata kama mwisho utampinga.

Na kumpinga kunaruhusiwa. Nasisitiza hapa kwa sababu siku hizi kuna watu wema wanaoamini kwamba kutaja uharibifu wa mifugo ni ukabila. Sikubaliani nao. Bonde la Kilombero limeorodheshwa tangu 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mbuga za sheshe, yule swala wa bondeni, zimepungua kwa macho ya kila mtu mwenye umri wa miaka 40. Ng'ombe wengi mno wanachangia. Mashamba ya mpunga yanayosogea hadi ukingoni mwa mto yanachangia vilevile, na hili la pili tunalisema kwa sauti ndogo kwa kuwa ni letu. Idadi ya mifugo, mipaka ya mashamba, maji: hivi ni vitu vinavyopimika, na kijiji kina haki ya kuvijadili kwa ukali. Ukali huo unapotoka kwenye idadi na kuhamia kwenye damu ya mtu, mjadala umekufa. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Makaratasi ya operesheni ya namna hiyo huhesabu ng'ombe, lakini vilabuni habari hugeuka kuwa kabila gani limeondoka na lipi limebaki, na mtu mwenye ng'ombe wanne wa jembe, aliyepokelewa na mkutano wa kijiji, akajikuta anaitwa mvamizi na watoto waliosoma darasa moja na wanawe. Kule Kilosa, katika mkoa huu huu wa Morogoro, Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mapigano hayo hayakuanzia kwenye mauaji. Kulitangulia maneno ya miaka mingi ambayo kila upande uliyaona ni ya kawaida.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu utani, na wanaouliza hutaka niseme kwamba hauna neno. Mtanzania atakuambia Wahehe wanakula mbwa, Wachaga wanapenda fedha, Wapare watakwenda mahakamani kwa ajili ya yai, Wahaya wanajisikia, Wasukuma washamba, halafu atacheka na kusema ni utani tu. Utani wa kweli ninauheshimu mno kuuacha utumiwe hivyo. Mnyamwezi na Mzaramo walikuwa watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na utani wao ulikuwa na wajibu. Mtani alikutukana mbele ya wakwe zako, lakini siku ya msiba wako alifika mapema, akafanya kazi ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya kwa uchungu, akalala ndani ya kaburi akikataa maiti isizikwe mpaka apewe chochote, na kwa vituko hivyo akawatoa waliofiwa kwenye giza. Aliyekutania ulikuwa na ruhusa ya kumtania vikali zaidi, na hakuna aliyekasirika kwa kuwa wote wawili walikuwa sawa.

Basi ukitaka kujua kama unachokifanya ni utani, jiulize kama huyo unayemtania anakujibu, na anakujibu mbele ya watu wale wale. Kijana wa kuchunga anayeishi peke yake kati yenu, ambaye hana ndugu hata mmoja pale kijiweni, hawezi kukujibu. Anacheka kwa sababu kesho atahitaji kununua sabuni dukani kwako. Jiulize pia kama ukisikia amefiwa utakwenda. Kama hujui hata anapolala, huyo si mtani wako, na unachomfanyia kina jina lingine.

Watoto hawajui mpaka huu na huupata kwetu. Mwalimu, katika darasa la shule ya msingi ambako nusu ya watoto wanazungumza Kisukuma nyumbani, usimwite mtoto "wewe Msukuma" hata siku moja, hata ukiwa na upendo naye, maana wenzake hawatauchukua upendo, watachukua neno. Mwite kwa jina lake, na kama ni jina refu la kwao, jifunze kulitamka. Usiwaulize makabila yao hadharani kwa ajili ya orodha yoyote. Sensa ya taifa yenyewe haijauliza kabila la mtu tangu ile ya 1967, na nchi imepanga barabara na hospitali bila kulijua. Mtoto anayekuja na Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani, usimsimamishe asome ili wenzake wacheke. Msomeshe kwanza karibu na meza yako. Na mzazi, yale unayoyasema usiku mkila kwenye mkeka, ukidhani watoto wamesinzia, ndiyo yanayosemwa kesho yake kwenye mstari wa bomba la maji.

Nitoke kidogo kwenye ng'ombe, kwa sababu tabia hii ya kuamini habari isiyopimwa ina sura nyingine hapa kwetu ambayo imeua watu. Ng'ambo ya mto, Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya wenye kifafa. Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga wakiwa katika degedege la kifafa, na waliokuwa karibu hawakuwatoa kwa kuogopa mate yao, wakiamini kwamba atakayewagusa ataupata ugonjwa. Fikiria hilo polepole: watu wenye huruma, majirani, ndugu, walisimama wakamwona mtu anaungua, kwa sababu ya jambo ambalo wote walilijua na ambalo lilikuwa si kweli.

Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa kugusana, kwa kula sahani moja, wala kwa pumzi ya aina yoyote. Mtu akianguka mbele yako, mwondoe penye moto au maji, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali. Akizinduka, mwambie kilichotokea kwa sauti ya kawaida na umsindikize nyumbani. Huko Mahenge kifafa kimekuwa kingi kuliko kawaida, na watafiti wamekihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Dawa ya kukinga usubi, Mectizan, imekuwa ikigawiwa kule tangu 1997. Sasa familia inayomficha mtoto ndani kwa aibu humficha hata mgawa dawa asimwone, na mtoto hukosa dawa za kifafa ambazo zingemrudisha darasani. Kama una mtoto huyo nyumbani, mtoe. Kama ni mtoto wa jirani, mwalike aje kucheza kwako na mpe uji kwenye kikombe kile kile cha wanao, na wakubwa wakiona watajifunza zaidi kuliko kwenye semina.

Narudi kwenye makabila na jambo gumu zaidi: dhana inayokaa juu ya tukio la kweli. Utasikia, "Lakini Usukumani si wanaua vikongwe wenye macho mekundu? Si ndiko walikokata viungo vya albino?" Mauaji hayo yalitokea kweli Kanda ya Ziwa, na katika miaka ya baada ya 2006 yaliitia nchi nzima majonzi. Usiyakane ili uonekane mwema. Jibu liko mahali pengine: waliouawa walikuwa nani? Wengi wao walikuwa bibi wa Kisukuma na watoto wa Kisukuma. Walioandamana, waliotoa ushahidi, waliolala milangoni kulinda watoto wao, ni watu wa huko huko. Mama wa Kisukuma aliyehamia jirani yako huenda alikimbia hayo hayo unayomshutumu nayo, na ukimwekea mzigo wa wauaji unakuwa umemwongezea maumivu. Na kama unadhani dhana kuhusu albino ni za kabila moja, kumbuka kwamba hata pwani walikuwapo waliosema albino hafi bali hutoweka, na ni huko huko pwani, Lindi mjini, ambako 2010 wapiga kura walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Watu wa mji mmoja waliweza kuwa na uvumi huo na kura hiyo.

Namna ya kumrekebisha mtu bila kumvunjia heshima inahitaji uvumilivu, hasa akiwa amekuzidi umri. Mzee akisema mbele yako kwamba Wamang'ati wote ni wezi, usimwambie "mzee unabagua". Umemshinda mbele ya watu na hutapata lolote. Mwulize, "Babu, ni nani alikuibia?" Uliza kwa nia ya kusikia. Mara nyingine atataja mtu na siku, na hapo mna jambo la kufuatilia pamoja. Mara nyingine atasema alisikia kwa fulani, na fulani yupo, naye alisikia. Acha ukimya ufanye kazi yake, mtilie chai, mwendelee na mengine. Kwa rika lako unaweza kusema wazi zaidi: "Kaka, huyo unayemsema anaitwa nani? Mimi namfahamu mmoja anaitwa hivi, na aliniazima maksai wake." Mfano mmoja wa mtu mwenye jina huingia kichwani kuliko hoja kumi. Kwenye gari la kwenda Ifakara, konda akimpandisha mama wa Kibarabaig mwisho wakati aliwahi kituo, sema tu, "Mama alitangulia." Inatosha. Usigeuze safari kuwa mkutano.

Kuna eneo ambalo dhana hugharimu familia maisha yote, nalo ni posa. Binti analeta habari kwamba kijana wa kabila fulani anataka kutuma wazee, na baba anajibu siku hiyo hiyo: hapana, hao wanapiga wake, au hao wataoa wanne, au hao watakupeleka porini. Baba huyo huyo, kijana wa kwao akileta posa, anakubali kwa haraka ile ile. Katika visa vyote viwili hakuchunguza. Zamani mshenga na mashangazi walifanya kazi hii kwa makini: walikwenda kijiji cha mchumba, wakauliza majirani juu ya ulevi wake, madeni yake, mke aliyetangulia na kwa nini aliondoka, namna anavyomtunza mama yake. Irudisheni kazi hiyo. Tumeni watu wawili wakachunguze huyo kijana, na wachumba wote wawili wapimwe afya. Baada ya hapo mkikataa, mmekataa kwa sababu ambayo binti yenu anaweza kuielewa hata akilia. Wapo mabinti waliozikwa na waume wa kabila lao ambao hakuna aliyewauliza swali hata moja.

Kwa wewe unayekaa upande wa kushukiwa, sitakuambia kwamba ni wajibu wako kuthibitisha ubinadamu wako. Si haki, na inachosha. Nitakuambia tu yanayosaidia. Ukihamia, jiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na uwe na barua ya utambulisho ya ulikotoka. Ardhi usiinunue kwa mtu mmoja gizani, hata awe kiongozi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ugawaji upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na kipande kilichopatikana bila mkutano ndicho kitakachokufanya uitwe mvamizi miaka kumi baadaye. Nenda misibani hata kama hujaalikwa, maana msiba hauna mwaliko. Wake zenu wajiunge na vikoba vya kijijini. Na mtoto wa zizi jirani akiingiza ng'ombe shambani kwa mtu, usimfiche kwa kuwa ni wa kwenu. Siku utakapomtaja ndipo wengine watakapoacha kuwataja nyote.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Chunguzeni lenu la Namawala, na la kila kijiji cha bonde, lina nani ndani. Kama wajumbe wote wanatoka upande mmoja wa kijiji na wanazungumza lugha moja nyumbani, hukumu yao haitaaminika hata ikiwa ya haki. Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ule unaotangulia mavuno ndio wa kuleta jambo la malisho, kwa sababu baada ya mpunga kukatwa ng'ombe hutaka kuingia kwenye mabua, na wakulima wengi hukubali kwa ajili ya samadi, ila kwa mapatano ya mdomo ambayo kila mtu huyakumbuka anavyotaka. Mpelekee mtendaji ajenda kwa maandishi mapema na ubaki na nakala. Omba iwekwe tarehe ambayo kabla yake hakuna ng'ombe anayeingia bondeni hata kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, ionyeshwe njia watakayopita, na orodha ya wenye makundi isomwe kwa majina yao, na namba zao za simu, na jina la mchungaji wa kila kundi. Chini yake yaandikwe majina ya wenye mashamba waliokubali, kila mmoja na sahihi yake au dole gumba.